Karamu ya Liuli Haijaandikwa

Kila ifikapo tarehe 21 Oktoba, maofisa wa jeshi la majini la Uingereza huketi mezani usiku kumkumbuka Nelson, aliyeuawa vitani Trafalgar mwaka 1805. Miongoni mwa kumbi mashuhuri za karamu hiyo ni ule wa Greenwich, uliopambwa kwa michoro kuta na dari, ambamo maiti yake iliwekwa Januari 1806 watu waje kuiaga. Baada ya chakula wote husimama, bilauri mkononi, wakanywa kimya. Hapana ubaya. Kuwakumbuka wafu ni adabu. Swali ni nani anayehesabiwa kuwa ana wafu wa kukumbukwa.

Ziwa Nyasa nalo lilipata vita vyake vya majini. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ilitokea Liuli ikaipiga kwa mzinga meli ya Kidachi, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Husimuliwa kwamba nahodha wake, Berndt, rafiki wa Rhoades katika unywaji, alipiga makasia kwenda kumuuliza kama amelewa. Hakuwa na habari kuwa vita vimeanza. Akatekwa. London wakautangaza ushindi, na tangu hapo kisa hicho husimuliwa kwa kicheko.

Kicheko hicho ndicho kinachopasa kupingwa. Waama, meli ile ilibeba jina zito. Wissmann ndiye aliyeongoza vita vya Wadachi katika mwambao wetu, na chini ya amri yake Bushiri bin Salim akanyongwa Pangani, Desemba 1889. Meli hiyo ililetwa vipande vipande kwa njia ya Zambezi na Shire, na palipokosekana maji ya kupitia, chuma kile kilipanda mabegani mwa wapagazi. Simulizi inawataja manahodha wawili. Mpagazi hata mmoja hana jina. Bandari yenyewe waliibandika jina la Sphinxhafen kwa umbo la mwamba wake, ilhali wenyeji wanao mwamba wao, Pomonda.

Watasema: siku ile Liuli hapakuwa na msiba, huzuni ya nini? Hoja hiyo ni nyepesi. Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli kuiharibu zaidi meli ile, na vita vikaitafuna nchi hadi Wadachi wakavuka Ruvuma, Novemba 1917. Hesabu rasmi za Waingereza peke yao zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi kwa maradhi. Tena watu wa Ruvuma waliingia vita hivyo na kidonda kibichi: tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea kwa ajili ya Majimaji, na njaa ikafuata. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Lawama ya pili ni ya malenga. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa Wadachi kuitamalaki Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akatunga wa Majimaji. Hawakungoja ukumbi wala mwaliko. Leo washairi wa visiwani na pwani huimba bahari kana kwamba maji ya nchi hii yanakomea ufukweni kwao. Jina la Wissmann lilitoka Pangani likafika Nyasa; je, ushairi wa Kiswahili umeshindwa safari hiyo?

Karamu ya Liuli haihitaji dari yenye michoro. Utandikwe mkeka karibu na Pomonda, kila tarehe 13 Agosti, katika wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 ikaitwa Nyasa. Uletwe ugali wa muhogo na samaki wa ziwani. Wamatengo washuke kutoka milima ya Mbinga na kahawa yao. Wazee wayataje majina wanayoyakumbuka, na pasipo jina itajwe kazi: aliyebeba chuma, aliyekata kuni za tanuri la meli, aliyewalisha askari naye akalala na njaa. Malenga awepo, ayaandike yote.

Kisha watu wasimame kimya. Kimya cha Greenwich kinajua kinamkumbuka nani; cha Liuli nacho kina haki ya kujua.