Baragumu Lipulizwalo Ubavuni

Mtu wa Kisumu aliyezoea kutazama bendi za gwaride ajua kwamba tarumbeta hupulizwa nchani. Lakini baragumu la pembe la Wajaluo liitwalo oporo, ambalo tangu kale limewaita watu kandokando ya Ziwa Viktoria, hupulizwa ubavuni. Mgeni aweza kudhani kuwa huo ni mtindo tu. Sivyo, sababu imo katika pembe yenyewe.

Pembe ya mnyama ina uwazi upande wa shinani, bali nchani ni ngumu tupu. Fundi akitoboa tundu ubavuni, karibu na mahali uwazi unapokoma, hana haja ya kuikata ncha. Mpulizaji hubana midomo juu ya tundu hilo na kuitetemesha kwa pumzi; hewa iliyomo ndani hutetemeka pamoja nayo, na sauti ikatoka kwa nguvu penye kinywa kipana. Matundu ya kuchezea vidole hayapo. Ustadi wote umo midomoni na katika pumzi.

Ajabu zaidi iko upande wa pili wa Kenya. Katika Jumba la Makumbusho la Lamu imehifadhiwa siwa ya shaba, baragumu la enzi la mji ule. Shaba iliyeyushwa ikamiminwa katika kalibu, na fundi angeweza kuweka tundu popote alipopenda. Hata hivyo aliliweka ubavuni. Shaba ilitii sheria ya pembe.

Katika jumba hilohilo imo siwa ya Pate, ya pembe za ndovu, ndefu kupita mita 2. Habari za Pate zasimulia kwamba Mwana Darini, aliponyimwa siwa ya mfalme kwa sherehe ya kumtahiri mwanawe, aliagiza achongewe siwa yake mwenyewe. Sherehe ya watu wakuu isiyo na siwa ilikuwa sherehe iliyopungukiwa na heshima, naye hakukubali mwanawe apungukiwe.

Basi mfugaji wa ziwani na mfalme wa visiwani walitegemea ufundi mmoja. Siwa zimetunzwa, na hilo ni jema. Lakini baragumu halitunzwi kwa kufungiwa tu. Kijana asiyefundishwa kubana midomo juu ya tundu lile atairithi pembe ya babu yake; sauti yake hatairithi.