Jua la Bigwa lisiishie mapaani

Saa nne za asubuhi, siku isiyo na mawingu, mabati ya Bigwa hung'aa chini ya milima ya Uluguru kiasi cha kuumiza macho. Wakati huo huo, katika majengo mengi makubwa ya umma nchini, taa zimewashwa. Mwanga wa madirisha haufiki katikati ya jengo pana. Hatua chache kutoka ukutani karani hawezi kusoma jalada bila umeme, na umeme ukikatika kazi husimama. Watumishi waliokuwapo wakati wa mgao wa mwaka 2006 wanalifahamu jambo hilo vyema.

Dawa mojawapo ni kioo kinachofuata jua. Huwekwa juu ya paa, kikageuzwa polepole na mtambo mdogo ili miale ielekee daima kwenye tundu moja, na kutoka hapo vioo vingine huisambaza ndani. Jua kali hutoa laksi zipatazo 100,000, ilhali darasa hutosheka na 300. Hivyo mita moja ya mraba ya kioo, hata nusu ya mwanga ikipotea njiani, yaweza kuangaza zaidi ya mita za mraba 150.

Jengo la benki ya HSBC huko Hong Kong, lililokamilika mwaka 1985, liliwekewa vioo vya namna hiyo. Mji wa Rjukan, Norway, ambao milima huuzibia jua miezi kadhaa, uliweka vioo vitatu mlimani mwaka 2013 ili kuangaza uwanja wake. Ikiwa wao wanaliwinda jua la kuokoteza, sisi ambao hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka tuna udhuru gani?

Hatusemi kila shule inunue mitambo. Darasa lenye madirisha pande mbili lahitaji chokaa darini tu. Tena kioo hakifai kitu mawingu yakitanda, na Uluguru haikosi mawingu. Vumbi nalo lataka mtu wa kupangusa. Lakini kumbi, maktaba na hospitali zenye korido ndefu zastahili jaribio. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, vilikusudiwa kazi za namna hii. Chuo cha Bigwa kipewe kioo kimoja na fremu ya chuma, wanafunzi wa ufundi wapime mwanga mwaka mzima, masika na kiangazi, na takwimu zao ziwafikie wahusika kabla ramani ya ofisi nyingine kubwa haijapitishwa.