Moto imeuzwa kwa mdomo, malipo yamesimama: nani eko na haki?

Ku parking za Bukavu, Goma, Butembo ao Bunia, moto nyingi zinauzwa bila karatasi. Mwenye moto na motari wanapatana: dola 30 kila juma mpaka bei iishe. Wanapeana mkono mbele ya rafiki mmoja, basi. Shida inaanza siku malipo yanasimama: moto imeharibika, barabara imefungwa ju ya vita, ao motari amehama nayo. Hapo muuzaji anataka kuirudisha, na mara mingi anaichukua kwa nguvu.

Mapatano ya mdomo yako na nguvu

Watu wengi wanafikiri kama hakuna karatasi, hakuna mauzo. Sheria ya Kongo haisemi hivyo. Kitabu cha tatu cha sheria za kiraia, chenye kutoka ku dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema mauzo yanakamilika mara tu watu wawili wanapopatana juu ya kitu na bei, hata kama makuta bado kulipwa. Maana yake, ile moto ilishakuwa ya mununuzi. Muuzaji anabaki anadai makuta. Anaweza kuomba mauzo yavunjwe, lakini mwenye kuyavunja ni mwamuzi wa tribinali, si yeye na vijana wa mtaa usiku.

Kigumu ni ushahidi. Kwa kitu cha bei kama moto, sheria inataka maandishi. Lakini andiko hata dogo, likitoka kwa mwenye kudaiwa, linaweza kufungua mlango ili mashahidi nao wasikilizwe. Mesaji kama “patron, univumilie, nitalipa Ijumaa” isifutwe. Vilevile mesaji za M-Pesa ao Airtel Money: zinaonyesha nani alituma ngapi, na siku gani.

Kuuza ao kutumikisha?

Neno “versement” linaficha mambo mawili. Kuna motari mwenye kutumika na moto ya patron na kumuletea versement: moto inabaki ya patron. Huyo akiiuza ao akiificha, anaweza kushitakiwa kwa “abus de confiance”, kosa lenye kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 5. Kuna mwingine mwenye kuinunua polepole. Huyo, akishindwa kulipa, ni mwenye deni tu. Mapatano ya kimataifa juu ya haki za kiraia na za kisiasa, yenye Kongo iliingia mwaka 1976, yanakataza kufunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Kwa hiyo kumuweka ku kasho mpaka familia ilete makuta si njia ya haki. Na kumupigia kelele “mwizi!” barabarani kunaweza kumuua: kundi la watu haliulizi nani anamudai nani.

Hesabu mbele ya ugomvi

Kama bei ni dola 1200 na motari amelipa 800, kuchukua moto na kubaki na zile 800 ni kula mara mbili. Kuvunja mauzo ni kurudishiana: moto upande huu, makuta upande ule, wakihesabu pia uchakavu na faida yenye motari alipata. Mara mingi ni heri kukaa mbele ya shefu wa avenue ao wakubwa wa parking, kupunguza kiasi cha kila juma, na kuandika. Ikishindikana, barua ya kudai, kisha tribinali.

Goma na Bukavu, tangu AFC/M23 ichukue miji hiyo Januari na Februari 2025, kazi ya korti za serikali ilivurugika. Kule, karatasi nzuri ndiyo kinga ya kwanza.

Ukurasa mmoja unatosha: majina, namba ya chasi, bei, kiasi cha kila juma. Iandikwe pia moto ni ya nani mpaka dola ya mwisho, inakuwa namna gani ikiharibika ao barabara ikifungwa, juma ngapi za kuchelewa zinavunja mapatano, na motari anarudishiwa ngapi. Nakala mbili, mashahidi wawili, na sahihi ku kila malipo. Mwenye kukataa kuandika leo, mwenzake ajiulize mbele ya kutoa moto ao makuta.