Maandiko Pekee, Lakini Msomaji Ni Nani?

Mnamo Novemba 2009 Eva Brunne, aliyekuwa katika ubia uliosajiliwa na mwanamke mwenzake, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Stockholm. Mwezi uliotangulia, sinodi ya Kanisa la Uswidi ilikuwa imeridhia ndoa za jinsia moja. Januari 2010 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilijibu kwa Tamko la Dodoma, likizikataa ndoa hizo kwa mamlaka ya Maandiko.

Tangu hapo hurudiwa kwamba Stockholm imeitupa Biblia, Dodoma imeishika. Kauli hiyo ni tamu, ila haisimami. Tangu miaka ya 1990 dayosisi za KKKT zimewabariki wanawake kuwa wachungaji, ingawa Waraka wa Kwanza kwa Timotheo unamkataza mwanamke kufundisha. Zilisoma, zikapima mazingira, zikaamua. Na ziliamua vyema. Basi kufasiri si dhambi ya Waswidi peke yao.

Wala Stockholm haina pa kujificha. Sinodi ya Kanisa lake huchaguliwa kwa kura, na vyama vya siasa huweka wagombea. Anayedai kwamba upendo wa Injili pekee ndio ulioamua amelisahau sanduku la kura.

Luther alimpokonya Papa neno la mwisho. Hakuifuta kazi ya kufasiri. Mfasiri yupo pande zote mbili, na muumini ana haki ya kumjua na kumhoji. Kanisa linalomficha mfasiri huyo nyuma ya neno "pekee" limejitwalia upapa bila kuukiri.