Mti Wako, Amri ya Nani?

Wananchi wa Gatongora, na wa Ruiru kwa jumla, wanaifahamu desturi hii. Mkulima aliyepanda mukima mpakani mwa shamba lake, akautunza miaka mingi, akitaka kuupasua mbao ili alipe karo, huambiwa aende kwanza kwa chifu. Akiuliza ni sheria ipi, hujibiwa kwamba miti imekatazwa. Imekatazwa na nani, na lini?

Mazoea hayo yana mizizi. Sheria ya Machifu ya enzi za ukoloni ilimpa chifu uwezo wa kutoa amri juu ya ukataji wa miti, pamoja na mambo mengine mengi ya maisha ya raia. Marekebisho ya 1997, yaliyotokana na mapatano ya wabunge wa vyama mbalimbali (IPPG), yaliyapunguza madaraka ya machifu, lakini kiti kilibaki na kiburi chake.

Mti haulindwi kwa uvumi. Sheria ya Misitu ya 2005 ilitaka tangazo la kuulinda lichapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, na ndivyo msandali ulivyolindwa mwaka 2007. Mukima, mti ulioletwa kutoka Australia, si msandali. Hata katazo la Februari 2018 lilihusu misitu ya umma na ya jamii, wala si mti wa mpakani mwako.

Hatusemi kila mtu akate apendavyo. Kanuni za 2009 zilimtaka mwenye shamba awe na miti katika asilimia 10 ya ardhi yake, nasi twaona ni haki. Kifungu cha 69 cha Katiba chaidai Serikali kiwango hicho hicho kwa nchi nzima. Ajabu ni kwamba mashamba ya kahawa ya Ruiru yanageuzwa viwanja ekari kwa ekari, huku mwenye mti mmoja ndiye anayehojiwa.

Mwaka 2020 mugumo wa Waiyaki Way, Nairobi, uliokolewa kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta. Tulifurahi, ingawa hisani ya mtu mmoja si sheria.

Kifungu cha 47 cha Katiba humpa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi yeyote ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala. Basi anayenyimwa ruhusa na adai barua itajayo sheria, kifungu na tarehe ya Gazeti. Nazo ofisi za chifu na za misitu zibandike ukutani, kwa Kiswahili na Kikuyu, majina ya miti iliyolindwa na ada halali ya kibali, kama ipo.