Rangi Moja, Maana Mbili



Wako watu wadhanio kwamba taa za reli husema lugha moja duniani kote: nyekundu simama, manjano jihadhari, kijani pita. Sisi wa kazi hii twajua kuwa sivyo.

Chukueni taa mbili za manjano zinazowaka pamoja. Uingereza, maana yake ni kuwa taa ya mbele ni manjano moja, basi dereva aanze kupunguza mwendo. China, penye kuingilia stesheni, taa hizo hizo humwambia dereva: ingia, lakini unachepushwa kwenye reli ya kando, nenda polepole, jitayarishe kusimama. Nako Marekani, katika reli nyingi, nyekundu juu na kijani chini si amri ya kusimama. Ni ruhusa ya kupita kwa mwendo uliopunguzwa.

Jambo hili si la ng'ambo tu. Reli yetu ya zamani Waingereza walianza kuijenga Mombasa mwaka 1896. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengwa kwa kanuni za China. Mfanyakazi anayetoka reli moja kwenda nyingine lazima afundishwe upya, hata kama ana miaka mingi kazini.

Asipofundishwa vyema, twajua matokeo yake. Tarehe 5 Oktoba 1999, huko Ladbroke Grove, London, treni ilipita taa nyekundu ikagongana na nyingine. Watu 31 walikufa, pamoja na dereva huyo, aliyekuwa mgeni katika kazi. Ilikuwa rahisi kumlaumu marehemu. Lakini uchunguzi wa Lord Cullen ulionyesha kuwa mafunzo yake yalikuwa na kasoro, na kwamba taa ile ile ilikuwa imekwisha kupitwa ikiwa nyekundu mara 8 tangu mwaka 1993.

Kwa hiyo twawaambia waajiri wazi: mafunzo ya taa yatolewe kabla mtu hajapewa njia asiyoijua, yawe ndani ya saa za kazi, na yalipwe. Mwenye kuripoti taa isiyoonekana vizuri asihesabiwe kuwa mkorofi.

Nanyi wanachama, kuuliza si ujinga. Msikubali kutia sahihi kwamba mwaijua njia ambayo hamjafundishwa. Siku ya ajali, karatasi hiyo ndiyo itakayoletwa mezani kwanza.