BWANA SHAMBA ANASEMA: Gesi ya Ulaya na mfuko wako wa urea

Ndugu msomaji, bila shaka unaukumbuka mwaka 2022. Mfuko wa urea wa kilo 50 ulipanda bei mpaka watu wakatoka dukani mikono mitupu. Wengi walimlaumu mwenye duka. Hata mimi nilimlaumu, maana wapo wenye maduka ambao huficha mali ili bei ipande. Lakini safari ile kosa kubwa halikuwa lake. Sehemu kubwa ya sababu ilikuwa Ulaya, ambako gesi ilipungua.

Utauliza, gesi na mbolea zinahusiana vipi? Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Gesi asilia hutoka chini ya ardhi. Sisi Tanzania tunayo Songo Songo na Mnazi Bay, na nyingi tunaitumia kuzalisha umeme. Watu wa Ulaya huitumia kwa umeme, kwa kupasha nyumba joto wakati wa baridi, na kwa kuendesha viwanda. Kwa viwanda vingi gesi ni kama kuni. Lakini kwa kiwanda cha mbolea gesi ni kuni, tena ni unga. Mama akikosa kuni atatafuta mkaa. Akikosa unga, hakuna ugali.

Angalia urea inavyotengenezwa. Hewa tunayovuta ina naitrojeni nyingi, sehemu 78 katika kila sehemu 100. Mahindi yanaihitaji sana naitrojeni hiyo, lakini hayawezi kuichukua hewani. Kwa hiyo kiwandani naitrojeni ya hewa huunganishwa na haidrojeni inayotolewa katika gesi asilia. Kazi hii inataka joto kali na mgandamizo mkubwa. Kinachopatikana ni amonia. Amonia nayo huunganishwa na hewa ya ukaa, na hapo zinapatikana zile punje nyeupe unazozijua. Aliyegundua njia ya kutengeneza amonia hivi ni Mjerumani Fritz Haber. Mwenzake Carl Bosch akaiingiza kiwandani. Kiwanda cha kwanza kilianza kazi mwaka 1913 pale Oppau, ambapo leo ni sehemu ya mji wa Ludwigshafen. Likumbuke jina la mji huo.

Sasa gesi ilipunguaje? Shida ilianza mwaka 2021. Baridi ilikuwa imechukua muda mrefu, na maghala ya gesi ya Ulaya hayakujaa vizuri. Kabla ya vita, karibu sehemu 4 katika kila sehemu 10 za gesi ambayo nchi za Umoja wa Ulaya zilinunua nje zilitoka Urusi. Tarehe 24 Februari, 2022, Urusi iliingia Ukraine kwa vita. Kuanzia hapo gesi ya Urusi ilipungua mwezi hata mwezi. Bomba kubwa la Nord Stream, lililopita chini ya Bahari ya Baltiki mpaka Ujerumani, lilipunguziwa gesi mwezi Juni. Mwisho wa Agosti likasimama kabisa. Tarehe 26 Septemba mabomba yakapasuliwa na milipuko baharini.

Bei ikaruka. Mwanzoni mwa mwaka 2021 kipimo kimoja cha gesi katika soko la Ulaya kilikuwa karibu yuro 20. Mwezi Agosti, 2022, kipimo kile kile kilipita yuro 300. Fikiria debe la mahindi la shilingi 10,000 liuzwe shilingi 150,000.

Viwanda vya mbolea viliumia mapema kuliko vingi. Septemba 2021, kabla hata ya vita, kampuni ya Yara ya Norway ilitangaza kupunguza sehemu 40 katika kila 100 ya amonia yake ya Ulaya. Mwezi huo huo viwanda viwili vya mbolea nchini Uingereza, Billingham na Ince, vilisimama. Hapo likatokea jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Viwanda hivyo vilikuwa vikitoa pia hewa ya ukaa, ile inayotiwa katika soda. Machinjio ya Uingereza huitumia kuwapoteza fahamu nguruwe na kuku kabla ya kuchinja. Mbolea iliposimama, machinjio nayo yakawa mashakani, na wafugaji wakaogopa kubaki na nguruwe waliokwisha kunenepa. Serikali ya Uingereza ikalipa fedha ili kiwanda cha Billingham kiwashwe tena. Umeona mambo yanavyoshikana!

Viwanda vya glasi vilikuwa na taabu ya namna nyingine. Tanuri la glasi halizimwi ovyo. Likipoa, glasi iliyoyeyuka huganda humo ndani na tanuri huweza kuharibika. Kiwanda cha Duralex cha Ufaransa kilisimamisha kazi Novemba 2022 kwa miezi kadhaa, lakini tanuri likaachwa na moto wa kulilinda tu. Yaani kuni zinaungua na chungu hakina kitu.

Na Ludwigshafen? Februari 2023 kampuni ya BASF ilitangaza kufunga kiwanda kimoja kati ya viwili vya amonia pale pale Ludwigshafen, mahali kazi hii ilipozaliwa. Pamoja na mitambo mingine iliyofungwa, nafasi za kazi karibu 700 ziliguswa. Gesi ilishuka bei mwaka huo, lakini haikurudi ilivyokuwa zamani. Na tangu tarehe 1 Januari, 2025, gesi ya Urusi haipiti tena Ukraine.

Sasa turudi kwenye mfuko wako. Sisi hatununui urea yote Ulaya. Lakini viwanda vya Ulaya vilipozimwa, wakulima wao waliingia masoko mengine kutafuta mbolea, kama vile Misri na Aljeria. Mnunuzi mwenye fedha nyingi akifika mnadani, mbuzi hupanda bei kwa wote. China nayo ilikuwa imebana mbolea yake isitoke nje tangu Oktoba 2021. Urea iliyokuwa chini ya dola 250 kwa tani mwaka 2020 ilipita dola 800 mwezi Aprili, 2022. Tarehe 8 Agosti, 2022, siku ya Nane Nane kule Mbeya, Serikali yetu ilizindua ruzuku ya mbolea ya shilingi bilioni 150. Mfuko wa urea ukawekwa shilingi 70,000 kwa mkulima aliyejiandikisha. Kama hujajiandikisha, mwone mtendaji wako wa kijiji.

Lipo jambo moja ninalolitazama kwa uchungu kila msimu. Mkulima anamwaga urea juu ya ardhi, jua linawaka, kisha anakwenda zake. Siku mbili tatu baadaye ukiinama utasikia harufu inayochoma pua. Hiyo ni amonia, ile ile iliyotengenezwa kwa gesi ya bei ghali, inarudi hewani na fedha yako.

Basi fanya hivi. Subiri mvua ilowanishe ardhi, na mahindi yafike magotini. Palilia kwanza, usilishe magugu. Chimba kishimo kidogo kando ya mche, kama upana wa vidole vinne kutoka kwenye shina. Tia urea kipimo cha kizibo kimoja cha soda. Usiiguse mbolea na jani wala shina, itaunguza. Kisha fukia papo hapo, kabla hujaenda kwenye mche wa pili. Mtoto anaweza kukufuata nyuma akifukia kwa mguu, lakini mfuko ushike wewe.